Robo eka ya baba, mawaridi ya Arusha na asumini ya bibi

Swali: Msichana wa miaka 19, mkaazi wa Wete, ananiandikia kwamba amemaliza kidato cha nne, kwamba marehemu bibi yake alikuwa akisuka vikuba, vile vishada vya asumini na majani ya harufu, na kuviuza, na kwamba baba yake yuko tayari kumpa robo eka pembezoni mwa shamba la mikarafuu ili apande mawaridi ya kuuza nje kama wanavyofanya Arusha na Kenya. Anauliza mambo matatu: tasnia ya maua ni kitu gani hasa, ina kazi gani ambazo mtu kama yeye anaweza kuzifanya, na je, aipande mawaridi hiyo robo eka? Anaongeza kwamba ami yake amemwambia maua si kazi, ni mapambo tu.

Jibu:

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka, maana nachelea usije ukanunua miche kabla hujanisoma: usipande mawaridi ya kuuza nje. Waridi la aina hiyo linataka usiku wa baridi. Naivasha, ambako Wakenya wana mashamba yao makubwa, iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya Arusha yako kwenye miteremko ya Meru. Usiku wa baridi hulichelewesha tumba, na katika kuchelewa huko ndiko shina linakorefuka na ua likanenepa. Sisi hatuna mahali, Unguja wala Pemba, panapofika hata mita 150, na usiku wetu ni wa joto karibu mwaka mzima. Waridi la Wete hukua mbio, hufunguka likiwa dogo kwenye shina fupi, na masika ikiingia majani yake hushikwa na madoa meusi yakapukutika. Linatosha sana kwa uani, kwa kikuba na kwa marashi, lakini halitashindana na la mlimani ndani ya sanduku moja.

Sasa nikujibu la ami yako, ambaye namheshimu. Mwombe achukue karafuu moja aitazame vizuri kiganjani. Kile kichwa cha duara ni petali nne zilizofumbana, na zile ncha nne zinazokikumbatia ndizo sepali zake. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka. Likishafunguka, thamani yake imekwenda. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuubeba mzigo, na tangu hapo nyumba nyingi za kisiwa chenu zimelishwa, zimesomeshwa na zimeozeshwa kwa fedha ya tumba la ua. Baba yako anapokwambia panda juu uchume kabla halijafunguka, chambua makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu, leo leo, anika juu ya jamvi, anua wingu likitanda, anakufundisha somo lile lile analofundishwa mfanyakazi wa shamba la maua popote duniani, kwamba ua lina saa yake.

Hilo la saa ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayosema, kwa sababu tasnia nzima imejengwa juu yake. Tasnia ya maua ni kazi ya kuotesha, kuchuma, kutunza, kusafirisha na kuuza mimea ambayo watu huinunua kwa uzuri wake au harufu yake. Ina matawi kadhaa: maua ya kukata, ambayo huuzwa kwa shina, mimea ya vyungu, miche ya bustani, majani ya kupambia, vipandikizi na mbegu zinazouzwa kwa wakulima wengine, kazi ambayo Arusha na Kilimanjaro wanaifanya vizuri mno, na maua yanayokenekwa, yaani kutolewa mafuta kwa mvuke, kuwa mafuta ya manukato. Tawi la kwanza ndilo linalojulikana zaidi kwa sababu ndilo lenye ndege na mabilioni. Waridi likikatwa Naivasha asubuhi huingizwa kwenye maji mara moja, hupelekwa kwenye chumba chenye nyuzi 2 hadi 4 za joto, hupangwa kwa urefu wa shina, hufungwa, hupanda gari la baridi mpaka Nairobi, kisha ndege. Mengi huishia Uholanzi, na sehemu ya hayo huuzwa kwa mnada Aalsmeer, ambako bei huanza juu na kuteremka kwenye saa ya mnada, na anayebonyeza wa kwanza ndiye aliyenunua. Ukichelewa kubonyeza ua limekwenda kwa mwingine, na ukiharakisha umelipa zaidi. Ua lililokatwa bado ni kiumbe hai kinachopumua na kula akiba yake, na kila hatua ya safari hiyo ni kumzuia asiimalize akiba njiani. Mwezi wa Februari, kabla ya tarehe 14, mashamba hayo hufanya kazi usiku na mchana, maana waridi likifika tarehe 15 halina mteja.

Nimekueleza habari hiyo ili ujue ufundi unakaa wapi, si kwa sababu utaifanya kazi hiyo hapa. Wengi wanadhani ufundi uko kwenye kupanda. Kupanda ni nusu. Nusu ya pili huanza pale mkasi unapokata, na mimi niliijua kwa hasara. Miaka mingi nyuma nilipeleka ndoo tatu za helikonia kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja kwa ajili ya harusi ya siku ya pili yake. Mpokeaji, kwa nia njema kabisa, aliyatia kwenye chumba cha baridi cha mboga na samaki. Asubuhi nilipokwenda kuyapanga, kingo za yale maua zilikuwa nyeusi kama zilizopitishiwa moto, na bibi harusi alikuwa anashuka saa nane mchana. Helikonia, anturiamu na maua ya jamii ya tangawizi ni watoto wa joto. Ukiyashusha chini ya nyuzi 12 hivi, yanaungua kwa baridi. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuandika karatasi ya maelekezo nikaifunga kwenye ndoo. Tangu siku ile hakuna ndoo iliyotoka mikononi mwangu bila karatasi: maua gani, yamekatwa saa ngapi, yakae wapi, yasiwekwe karibu na nini. Hilo la mwisho lina maana pia, kwani maembe, ndizi na mapapai yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na okidi zikilala nayo chumba kimoja zinasinyaa kabla ya siku zake.

Tuje kwetu. Mimi naiona nafasi ya Zanzibar katika mambo matatu, nayo ni harufu, kitalu na upambaji, na nitayaeleza kwa uzito ninaouona mimi, si kwa usawa.

Harufu ndiyo mali yetu ya asili. Bibi yako aliijua. Asumini, langilangi, mkadi, vilua, rehani na waridi la uani ni mimea ambayo watu wa visiwa hivi wameishi nayo vizazi na vizazi, ikawekwa kwenye kikuba, ikatandazwa kitandani kwa maharusi, ikasagwa ndani ya singo ya kumsugulia bibi harusi, ikafukiziwa nguo. Mjini mahitaji hayajakufa hata kidogo. Kinachokosekana ni mtu wa kuleta mzigo ule ule, wa ubora ule ule, kila siku aliyoahidi. Chukua asumini. Tumba la leo linajulikana: limenenepa, ukijani umelitoka, limekuwa jeupe kama lulu na ncha yake bado imefumba. La kesho bado lina rangi ya maji ya ndimu. La jana limekwisha kufunguka, na ukiligusa linadondoka. Mchumaji mzuri hupita baada ya alasiri jua likiwa limelegea, akachuma la leo peke yake, akalitia kwenye kikapu kilichotandikwa kitambaa kibichi, likatungwa kabla ya magharibi, likafunguka isha likiwa tayari kwenye nywele au kifuani mwa aliyelinunua. Anayechuma asubuhi yaliyofunguka anauza harufu ya jana. Jambo jingine ambalo wengi hawalifanyi: asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo baada ya wimbi la maua kwisha shina lipunguzwe, litiwe samadi, linyweshwe, nalo litaleta wimbi jingine. Mtu mwenye mashina 60 aliyoyagawa mafungu matatu, akayapunguza kwa zamu, ana asumini karibu wakati wote, na yule mwenye mashina 60 aliyoyaacha yajiendee ana asumini nyingi wakati ambao kila jirani anayo.

Langilangi ni habari nyingine, maana huyo hukenekwa. Jirani zetu wa Komoro wamejulikana duniani kwa mafuta yake kwa muda mrefu, na mti wenyewe unaota vizuri Pemba. Ua huchumwa alfajiri, likishakuwa la manjano na limeingia wekundu kidogo penye kitovu, kisha hukenekwa siku ile ile bila kubanwabanwa, kwani lililopondeka huchacha. Mti huachwa mfupi kwa kukatwa na kuinamishwa, ili mchumaji aufikie akiwa amesimama chini. Kilo 100 za maua hutoa takriban kilo 2 za mafuta, na yale yanayotoka saa za mwanzo ndiyo bora na ghali, ndiyo maana mkenekaji hutenganisha chupa kwa madaraja. Kukeneka Pemba si jambo geni: kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, kimekuwa kikikeneka mafuta ya makonyo ya karafuu na ya mimea mingine. Ukipata ruhusa ya kwenda kutazama hata kwa siku moja, nenda, ukatazame moto unavyosimamiwa, maana mvuke ukizidi au ukipungua mafuta yanabadilika harufu.

Kitalu ndicho kinachoajiri wengi kwa haraka zaidi, nacho hakihitaji ndege. Kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, hoteli zinajengwa juu ya mawe ya matumbawe, penye udongo wa kiganja kimoja na maji ya kisima yenye chumvichumvi, na kila moja inataka bustani iwe imesimama kabla mgeni wa kwanza hajafika. Watu huleta miche kutoka bara, ikafika imechoka, ikapandwa penye chumvi, ikafa, ikanunuliwa tena. Anayejua kwamba bogonvilia, msanapichi na mimea mingine iliyozoea pwani huvumilia chumvi na chokaa, na kwamba anturiamu itataka kivuli, unyevu na udongo uliochanganywa makumbi, huyo ana kazi. Bogonvilia ni mwalimu mzuri wa kuanzia. Kata tawi lililokomaa lenye unene wa penseli, urefu wa shibiri moja, lenye vifundo vitatu au vinne. Sehemu ya chini ikate mshazari chini kidogo ya kifundo ili usije ukalipanda kichwa chini. Lichomeke kwenye kiriba, yaani kifuko cha kuoteshea miche, chenye mchanga mwingi na mboji kidogo. Liweke kivulini, maji yasituame. Usilivute kutazama kama limeota mizizi. Wiki sita hadi nane zikipita, jani jipya litakujulisha. Hesabu uliyochomeka na yaliyoshika, uandike, kwa maana mwenye hoteli atakapokuuliza unaweza kumpa miche mingapi baada ya miezi mitatu, jibu lako litoke kwenye daftari.

Upambaji ni kazi ya harusi, maulidi, mikutano na meza za hoteli. Inalipa vizuri katika msimu wa wageni na huzorota masika. Wengi wanaoifanya wanatumia maua ya plastiki kwa sababu ya woga wa kunyauka, na woga huo ni ukosefu wa elimu ya maji safi, ndoo safi, mkasi mkali na saa ya kukata. Makuti machanga, majani ya mgomba na ya mkadi na matawi ya mdalasini yanapamba ukumbi kwa heshima kubwa, nayo yako nyuma ya nyumba zetu.

Umeuliza kazi. Katika shamba kubwa la bara kuna wachumaji na wapangaji wa madaraja, kuna wasimamizi wa nyumba za plastiki, mafundi wa umwagiliaji wa matone, wapimaji wa magonjwa na wadudu ambao hupita mstari kwa mstari na daftari na kioo cha kukuzia, mabwana na mabibi shamba wanaoamua mbolea na dawa, watu wa chumba cha baridi, wa usafirishaji na wa masoko. Serikalini kuna wakaguzi wa afya ya mimea, ambao bila cheti chao hakuna shina linalovuka mpaka. Kuna watafiti na wazalishaji wa aina mpya. Aina nyingi za mawaridi zina mwenyewe, na mkulima humlipa mwenyewe huyo kwa kila mche. Huku kwetu kuna watunza bustani, wenye vitalu, wabunifu wa mandhari, wakenekaji, wasukaji wa makoja na vikuba, watengenezaji wa singo na sabuni. Wewe uliyemaliza kidato cha nne unaweza kuingia kwa mlango wa kitalu au wa bustani ya hoteli mwaka huu huu. Ubunifu wa mandhari, ukaguzi na usimamizi wa shamba vitataka stashahada au shahada.

Kwa masomo, karibu nawe kuna Kizimbani, Unguja, ambako Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina skuli yake ya kilimo na ambako taasisi ya utafiti wa kilimo ya Zanzibar nayo ina makao yake. Bara kuna Tengeru mkoani Arusha, kwenye mafunzo na utafiti wa kilimo cha bustani, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, chenye shahada ya fani hiyo. Ushauri wangu ni usitafute kozi ya maua peke yake. Soma kilimo cha bustani kwa upana wake, mboga, matunda na maua pamoja, kwa sababu mizizi, maji, wadudu na chumba cha baridi ni vile vile, na soko la maua likilala utauza miche ya mipapai. Usiikimbie kemia, kwani kesho utapima chumvi ya kisima na uchachu wa udongo kabla ya kumwambia mtu apande nini. Nafasi ya kufanya kazi msimu mmoja kwenye shamba la Arusha ikitokea, hata kwa kupanga madaraja tu, ichukue, ukajifunze mwendo na nidhamu ambavyo hapa bado hatuna.

Ukienda, kuna jambo lazima nikuonye nalo kama mzazi. Nyumba za maua hupigwa dawa nyingi, na wafanyakazi wengi ni wanawake. Kila dawa ina muda ambao mtu haruhusiwi kuingia baada ya kupulizwa, na muda huo umeandikwa kwenye kibandiko chake. Uliza kabla hujaingia. Usikubali kuchanganya dawa bila glavu, miwani na barakoa, usile ukiwa na nguo za kazini, na mkataba usome mpaka mstari wa mwisho, hasa panapotajwa saa za ziada za Januari na Februari. Shamba zuri halikasiriki ukiuliza, nalo lenye kukasirika umeshalijua.

Basi hiyo robo eka. Mwambie baba akuachie, lakini usiipande yote. Mwaka wa kwanza tafuta mashina 20 ya asumini kutoka kwa majirani kwa vipandikizi, bila kununua, na upande milangilangi 4 upande ambao haitaikinga mikarafuu jua. Chini ya kivuli cha mikarafuu yenyewe tia helikonia mashina machache uone zinavyokubali. Tenga hatua kumi kwa tano karibu na kisima kwa ajili ya viriba 100 vya bogonvilia. Kila jioni andika tumba ngapi umechuma, mvua imenyesha au haikunyesha, umemuuzia nani na kwa bei gani, na yaliyobaki umeyafanya nini. Kabla ya hayo yote, nenda kwa mwanamke mmojawapo aliyekuwa akisuka pamoja na bibi yako, ukae naye mpaka mkono wako uujue uzi, kisha uniandikie uniambie ni majani gani aliyoyatia chini ya asumini ili kikuba kisinyauke kabla ya asubuhi.